Mwajiri anawajibika kwa kiasi gani akimwajiri mtu aliyewahi kutiwa hatiani?

Mleta mada

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninaendesha kampuni ndogo ya kuhifadhi na kusambaza samani. Miongoni mwa walioomba kazi kwetu yumo mtu aliyeeleza kwa hiari yake kwamba alifungwa kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba miaka tisa iliyopita, na kwamba tangu atoke gerezani hajashtakiwa tena. Tuna nafasi mbili: moja ni ya ghalani, chini ya msimamizi, na nyingine ni ya fundi anayeingia nyumbani mwa wateja kuunganisha samani, mara nyingi akiwa peke yake. Ninatamani kumpa nafasi mojawapo, lakini mbia wangu anapinga, akisema kwamba kwa kuwa sasa tunaijua historia yake, akimwibia au kumdhuru mteja mahakama itatuhesabu sisi kuwa wakosaji. Je, kule kujua tu kunatuongezea dhima? Na je, ingekuwa salama zaidi kama tusingeuliza lolote?

Wakili wa kazi

Ndugu mleta mada, mbia wako anachanganya dhima za aina mbili. Ya kwanza ni dhima ya mwajiri kwa vitendo vya mfanyakazi wake akiwa kazini, ambayo haitegemei uzembe wa mwajiri wala historia ya mfanyakazi: dereva wako akimgonga mtu wakati wa kupeleka mzigo, kampuni inaweza kuwajibika hata kama dereva huyo hajawahi kutozwa faini maishani mwake. Ya pili ni uzembe katika kuajiri, na hiyo ndiyo inayomhangaisha mbia wako. Hapo mlalamikaji hana budi kuonyesha kwamba mwajiri alijua, au kwa uangalifu wa kawaida angeweza kujua, kwamba mtu huyo ni hatari kwa kazi ile aliyopewa, na kwamba hatari hiyohiyo ndiyo iliyoleta madhara.

Nchini Marekani, ambako kesi za namna hii ni nyingi, upo uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Minnesota wa mwaka 1983 unaofaa kusomwa kwa makini. Wamiliki wa nyumba za kupangisha walimwajiri meneja na kumkabidhi ufunguo unaofungua milango ya wapangaji wote. Alikuwa na hukumu za uhalifu wa kutumia nguvu, lakini waliomwajiri hawakufuatilia jibu lake lenye utata kuhusu historia hiyo, na wadhamini aliowataja walikuwa mama yake na dada yake. Meneja huyo aliutumia ufunguo ule kuingia kwa mpangaji na kumbaka. Wamiliki waliwajibishwa, lakini mahakama ilisema wazi kwamba mwajiri hahukumiwi kwa sababu tu hakuchunguza kumbukumbu za jinai. Kinachopimwa ni mazingira yote ya kumwajiri mtu huyo, na kadiri kazi inavyompa mfanyakazi nafasi ya kuwafikia watu wasio na ulinzi, ndivyo uangalifu unaotakiwa unavyoongezeka.

Kwa hiyo ufunguo ndio uliokuwa na uzito katika kesi ile. Kujua kwenu historia ya mwombaji si kosa. Kosa lingekuwa kuijua, kisha kumpeleka peke yake nyumbani kwa watu bila hata kulifikiria jambo hilo. Kutouliza nako hakuwakingi, maana sheria haiishii kwenye yale mliyoyajua. Inatazama pia yale mliyopaswa kuyajua.

Afisa rasilimali watu

Ninaafikiana na wakili, nami naongeza upande ambao waajiri wengi husahau: kumkataa kila mwenye hukumu nako kunaweza kuwafikisha mahakamani. Katika kesi ya Green dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikataa mwaka 1975 sera ya kumfungia mlango kila aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote lisilo la barabarani, kwa kuwa sera hiyo iliwaathiri waombaji weusi kupita kiasi. Kutokana na kesi hiyo yalipatikana mambo matatu yanayotumika mpaka leo: uzito na aina ya kosa, muda uliopita tangu kosa litendeke au adhabu imalizike, na aina ya kazi inayoombwa. Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha muda wake baada ya kipindi fulani, na mwombaji hapaswi kuulizwa habari zake isipokuwa kwa kazi maalumu kama za kuwahudumia watoto. Chunguza kwanza sheria ya nchi yako inaruhusu kuuliza nini, na katika hatua gani ya usaili.

Kuhusu muda, utafiti wa Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa miaka kadhaa bila kukamatwa tena hufikia mahali ambapo uwezekano wa yeye kutenda kosa hautofautiani sana na wa watu wengine wa rika lake. Miaka tisa ni hoja nzito, na naona ni dhuluma kuipuuza.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Mbia wangu sasa anakubali nafasi ya ghalani, lakini anauliza kama bima yetu ya wizi wa wafanyakazi itamhusu mtu huyu.

Mshauri wa bima

Usidhani kwamba itamhusu, soma mkataba. Mikataba mingi ya bima ya uaminifu wa wafanyakazi ina kifungu kinachoondoa kinga kwa mfanyakazi fulani mara tu mwajiri anapojua kwamba amewahi kutenda kitendo cha udanganyifu au wizi, hata kama alikitenda kabla ya kuajiriwa kwenu. Mwandikieni mtoa bima, mwelezeni hali ilivyo, na muombe akubali kwa maandishi kabla mtu huyo hajaanza kazi. Mahali pengine serikali imeliziba pengo hili: Marekani ina mpango wa dhamana ulioanzishwa mwaka 1966 unaomlinda mwajiri bila malipo kwa miezi 6 ya kwanza dhidi ya wizi wa mfanyakazi wa aina hii, ingawa haulipii madhara ya mwili kwa mteja.

Wakili wa kazi

Nyongeza moja kuhusu ghala. Wekeni kwenye faili maelezo mafupi ya mlivyoamua: kosa lilikuwa lipi, lilitendeka lini, wadhamini gani waliulizwa na walisema nini, na kwa nini nafasi hii inamfaa. Faili hilo walione wale tu wanaohusika na uamuzi. Baadaye mkitaka kumhamishia kazi ya kuingia nyumbani mwa wateja, fanyeni tathmini upya siku hiyo, kwa sababu uangalifu mliouonyesha kwa kazi ya ghalani hautawatetea kwa kazi nyingine, na uzembe katika kusimamia ni dai linalosimama peke yake. Vilevile msimamizi wa ghala akileta malalamiko yoyote juu yake, yashughulikieni kama mngeyashughulikia ya mfanyakazi mwingine yeyote, bila kuyafumbia macho kwa huruma wala kuyakuza kwa hofu.