Wakuu, nikibangua karanga kifua kinabana. Ni chavua?

Mkulima wa Chemba: Habari za jioni wadau. Wiki ya tatu hii, nikianza kubangua karanga napiga chafya, usiku napumua kwa mluzi. Shamba limezunguka nyumba, nahisi ni chavua ya maua. Msimu ujao nihamie alizeti?

Babu Kigoda: Alizeti ndiyo habari. Mimi mwaka juzi nilikamua madumu sita, shemeji zangu wakayamaliza wote. Usiwaambie watu umekamua.

Dada Shamba: Ua la karanga linajichavusha lenyewe, tena liko chini kwenye majani, chavua yake hairuki mbali. Na ukishafika kubangua, maua yalikwisha zamani. Karanga zenyewe zikoje?

Mkulima wa Chemba: Za kawaida tu.

Dada Shamba: Kawaida vipi? Zilikauka? Unaziweka wapi?

Mkulima wa Chemba: Zilinyeshewa uwanjani siku mbili. Nikazitia kwenye viroba, ziko chumbani ninakolala maana huku wezi hawalali. Baadhi zina unga wa kijani ila nachambua. Na advansi ya mtu wa siagi ya karanga nimeshaila, msinihukumu. Zikikaangwa si basi?

Dada Shamba: Ukikaanga kuvu anakufa, sumukuvu nyingi inabaki. Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Hilo vumbi la kijani ndilo unalovuta usiku kucha. Toa viroba nje, vaa barakoa, nenda hospitali. Zenye ukungu usiuze, usiwape hata kuku.

Mzee wa Busara: Vijana mnakula hela kabla ya kazi. Enzi zetu karanga zilianikwa mpaka ukizitikisa zinalia kwenye ganda.

Chumvi Kidogo: Chai hii. Machi ulifungua uzi uko Muscat unatafuta udereva. Leo una shamba Chemba?

Mkulima wa Chemba: Nilirudi kaka. Shamba ni la mama, mimi nasimamia.

Chumvi Kidogo: Udereva ulikosa?

Mkulima wa Chemba: Tuyaache hayo.

Dada Shamba: Ngoja. Mama naye anazila?

Mkulima wa Chemba: Anatwanga za mboga kila siku. Hizo nilizochambua.

Dada Shamba: Ulizochambua kuuza au ulizotupa?

Mkulima wa Chemba: Zile ambazo mteja hatazitaka.