Naombeni ushauri, stresi imenivurugia siku zangu

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimechoka kuwaza peke yangu. Mzunguko wangu miaka yote ni siku 28, ukizidi sana 30, ila tangu nianze kumuuguza mama nimekaa siku 67 sijaona damu, usingizi hamna, chakula hakipiti, nimepungua mpaka sketi inanizunguka kiunoni. Mimba nimepima mara mbili hamna kitu. Nesi kaniambia stresi ikizidi ubongo unapunguza zile homoni zinazoamsha ovari, yai halipevuki, nikifikisha miezi 3 nirudi wanipime homoni na thairoidi (ile tezi ya shingoni). Dada zangu mliopitia hili, siku zenu zilirudi zenyewe au mlitumia dawa? Na hiyo miezi 3 nisubiri kweli au niende tu sasa hivi, naogopa jamani.