Nimeuziwa Mini Cooper kama "gari la kila siku". Kila siku ya nani?

Wakuu salaam. Jambo hili nimekaa nalo miezi saba, leo limenifika kooni. Someni mpaka mwisho ndipo mnipe pole au mnicheke, maana najua makundi yote mawili yapo humu.

Desemba niliuza Toyota IST yangu. Ilikuwa imepauka boneti, redio inashika stesheni moja tu, lakini asubuhi ukipiga swichi inaitika. Nikaona na mimi nimefika umri wa kuendesha kitu chenye sura. Nikaingia yadi moja hapa Dar, sitaitaja, nikakuta Mini Cooper ya 2009, nyekundu, paa jeupe, taa za duara kama macho ya mtoto aliyeamshwa usingizini. Nikaganda. Dalali akaniona nilivyoganda, na hapo ndipo bei ilipokaa: milioni kumi na sita na nusu, haipungui hata mia.

Nilimwambia wazi: "Kaka, mimi nakaa Salasala, nina mke na watoto wawili, kazi ipo Posta. Gari nalitaka la kwenda na kurudi kila siku. Hili litaniweza?"

Akanijibu: "Bosi, hili ni IST tu, ila limevaa suti."

Limevaa suti! Sentensi hiyo nimeilipia mimi.

Sitaki kulionea gari. Usukani ukiugusa tu pua imeshageuka, na Jumapili asubuhi barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu unaweza kucheka peke yako kama mwehu. Injini yake ya 1.6 haina papara. Ndani kuna vidude vya kubonyeza juu na chini kama vya rubani, na saa ya spidi iko katikati ya dashibodi, kubwa kama sinia la pilau. Abiria anaisoma vizuri kuliko dereva, kwa hiyo mke wangu sasa ni trafiki wa ndani. Hayo yote nayakubali. Ningekuwa kapera mwenye nyumba iliyopakana na lami, nisingefungua uzi huu.

Lakini mimi si kapera, na lami kwetu inaishia dukani kwa Mangi.

Tuanze na mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga mwezi wa pili, nikamfuata stendi ya Magufuli pale Mbezi na familia nzima, maana wajukuu walitaka kumpokea bibi. Ameshuka na kikapu cha machungwa ya Muheza na begi la nguo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akarudi mbele yangu.

"Baba, mlango wa nyuma uko wapi?"

"Haupo, mama. Tunalaza siti ya mbele, mtu anapenya."

Akakitazama kile kijitundu, akatazama goti lake, akanitazama mimi. Hakusema neno. Wakwe wa Tanga wakinyamaza ujue umeshahukumiwa. Akakaa mbele, mke wangu akapenya nyuma na watoto wawili, machungwa miguuni, begi mapajani. Nyuma kuna siti mbili na mikanda miwili, katikati hakuna pa mtu wa tatu. Kabla hatujafika Goba trafiki akatusimamisha, akahesabu vichwa, akaniandikia elfu thelathini. Kwa haki kabisa, wala sina ugomvi naye. Mama mkwe akafungua pochi yake atoe yeye. Jamani. Mkwe anataka kukulipia faini ya gari lako jipya mbele ya mkeo!

Najua kuna wataalamu watakuja kusema "ndivyo Mini zilivyo tangu enzi, hukufanya utafiti". Nimefanya utafiti, tena baada ya kupigwa, ndio unaokaa kichwani. Mini ya kwanza ilitoka Agosti 1959 na haikuwa pambo hata kidogo. Mgogoro wa Mfereji wa Suez wa 1956 uliwafanya Waingereza wapate petroli kwa mgao, ndipo kampuni ya BMC ikamtaka mhandisi wake Alec Issigonis atoe gari dogo linalobana mafuta. Mzee yule akaigeuza injini ikakaa kingamo, giaboksi akaipachika chini yake zikachangia oili moja, magurudumu ya inchi 10 akayasukumia kwenye pembe kabisa, na ndani ya mita 3.05 wakakaa watu wanne na mizigo yao. Hata vioo vya milango vilikuwa vya kusukuma pembeni badala ya kushuka, ili tumbo la mlango libaki wazi uweke vitu. Tairi la spea lilikuwa ndani ya buti. Kila kitu pale kilikuwa na sababu yake.

Hii yetu iliyofufuliwa na BMW mwaka 2001, na toleo langu lililofuata mwishoni mwa 2006, ina urefu wa karibu mita 3.7. Yaani imemzidi babu yake zaidi ya nusu mita, na IST imeizidi yenyewe kwa kitu kisichofika shubiri. Lakini IST ina milango mitano na siti za watu watano, hii ina buti la lita 160. Kwenye karatasi hizo ni ndoo nane za maji. Jaribu wewe kuziingiza. Wamechukua sura ya babu, akili yake wameiacha kaburini.

Sasa njooni kwenye kilichonitoa machozi. Matairi.

Wiki moja baada ya kununua, taa ya tairi ikawaka. Nikampigia dalali. "Hiyo sensa tu bosi, magari ya Ulaya yana deko. Iseti upya izime." Nikaiseti, ikazima. Baada ya siku tatu ikawaka tena, nikaizima tena, mpaka ikawa kama kuzima alamu ya asubuhi. Baadaye fundi wa maana alinieleza. Gari linahesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi likipungua upepo kimo chake kinashuka, hivyo linazunguka haraka kuliko wenzake, taa inawaka. Ukiliseti likiwa limeshapungua, unalifundisha gari kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Yaani dalali alinifundisha kumziba mdomo mlinzi wangu mwenyewe.

Aprili, masika imekolea, saa tatu usiku, natoka kazini. Kwenye njia yetu ya mtaani kuna dimbwi nalijua toka enzi za IST, ila usiku ule lilikuwa limepata mtoto pembeni. Gurudumu la mbele kushoto likaingia. Sauti niliyoisikia si ya tairi, ni ya rimu kugonga jiwe. Nikashuka na tochi ya simu: ubavu wa tairi umechanika, mpasuko unaingiza vidole vitatu.

Sina neno. Pancha ni pancha. Nikafungua buti, nikanyanyua kapeti nitoe spea.

Wakuu, hakuna spea. Hakuna jeki. Hakuna hata spana ya nati za gurudumu. Kuna kapeti, na chini ya kapeti kuna kapeti lingine. Nilipapasa mle ndani kama mtu aliyeangusha pete. Vijana wa boda wakaanza kukusanyika, mmoja akachungulia na kuuliza kwa huruma kabisa: "Braza, spea waliiba au hukupewa?"

Kumbe gari hili hutoka kiwandani na matairi ya ranflati. Ubavu wake ni mgumu, tairi likiisha upepo unaweza kutembea kilomita kama 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa mpaka umfikie fundi, ndiyo maana spea haipo. Ni akili nzuri, kwa mtu ambaye adui yake ni msumari. Msumari hutoboa, upepo ukatoka, ubavu ukabeba gari. Adui yangu mimi ni dimbwi, na dimbwi halitoboi, linakata ubavu wenyewe. Ubavu ukishakatika ranflati haina tofauti na kandambili.

Wakamleta fundi pancha wa njia panda, kijana mchapakazi. Akahangaika na vyuma vyake karibu nusu saa kulitoa tairi kwenye rimu, jasho linamtoka mvuani. Mwisho akaketi juu ya ndoo yake akasema, "Bosi, hili limegoma. Na hata likitoka, ubavu hauzibwi." Nikalipa winchi laki na ishirini kwa safari ambayo ningeitembea kwa miguu.

Kesho yake kwenye karakana ndiyo nilikutana na kitu kilichonifanya nifungue uzi huu. Fundi akalilaza lile tairi, akalipiga brashi na sabuni. Weusi ule wa kung'aa niliouona yadi ukatoka kama masizi ya sufuria. Chini yake, nyufa nyembamba zimezunguka tairi zima kama kisigino cha mkulima. Kisha akanionyesha herufi za DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho wake: 3414. Mbili za kwanza ni wiki tairi lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 34 ya mwaka 2014! Tukageukia mengine matatu, yote ndugu. Na mimi nina ujumbe wa dalali kwenye simu, neno kwa neno: "Tairi mpya nne bosi, wewe ni kuwasha na kwenda."

Kwa hiyo miezi minne nimewapakia watoto wangu juu ya mpira wa zaidi ya miaka kumi uliopakwa rangi ya kiatu. Buti dogo nitavumilia. Mama mkwe atanisamehe Krismasi. Hili silisamehi.

Nimeweka matairi manne ya kawaida. Gari limekuwa laini kidogo kwenye matuta, nilishangaa. Nimetafuta rimu ya mtumba na jeki nipate spea, na spea hiyo imejaza buti lote. Sasa buti la gari langu ni chumba cha tairi. Mchele, mafuta, begi la shule, vyote vinakaa mapajani kwa mtu. Kuhusu vipuri, IST nilikuwa nashuka maduka ya vipuri ya Gerezani na elfu hamsini narudi na chenji. Kwa hii unauliza duka la kwanza, la pili, wa tatu anakwambia "acha namba nikuagizie".

Mkiwa mnakwenda kuangalia gari la namna hii, achaneni na rangi na zile taa. Pigeni magoti kwenye vumbi msome tarakimu za matairi, nyanyueni kapeti la buti, kisha mwambieni mtu mzima wa familia apenye siti ya nyuma mkimwangalia usoni.

Naomba wanaojua sheria wanisaidie: ule ujumbe wa "tairi mpya" unatosha kumfungulia mtu madai ya fidia, au nitaambiwa nilinunua mali nikiiona kwa macho yangu? Mkataba wa mauzo ninao, umeandikwa kwa mkono na una muhuri wa yadi.

Na wewe dalali, najua umo humu, maana siku ile ulinionyesha uzi wa humu humu kunishawishi. Namba yangu unayo. Pokea simu.