Mwindaji akishikwa ndani ya ranchi, tumfanyeje?

Mleta hoja (mwenyehisa wa ranchi, Taita)

Ndugu zangu, ninaleta hoja iliyowagawa hata watu waliozaliwa nyumba moja katika ranchi yetu. Naomba tuijadili kwa moyo mweupe.

Mwaka jana mwezi wa nane, saa nane za usiku, askari wetu waliona mwanga wa tochi ukizunguka karibu na silanga, bwawa letu la maji. Kulikuwa na vijana watatu na pikipiki moja. Wawili walitoroka. Wa tatu akashikwa na gunia, ndani digidigi wanne. Askari walimpiga rungu hadi mkono ukavunjika, wakamfungia kwenye banda la ndama mpaka jua likapanda, ndipo wakapiga simu. Ile kesi ya digidigi haikufika popote. Iliyobaki ni kesi ya mkono: ranchi ikalipa matibabu, na askari wawili, wote baba wa watoto, wakapandishwa kizimbani.

Kijana mwenyewe tunamjua. Babake alichimba mashimo ya nguzo za ua wetu.

Tangu usiku ule, upande huo wa mpaka umenyamaza. Zamani mama mmoja aliyekuwa akikata kuni kule angetupigia simu akiona wageni wanaingia na mbwa. Siku hizi haoni kitu. Mitego ya waya imeongezeka, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Wako wenyehisa wanaosema tumekuwa laini, tuajiri watu wakali zaidi. Mimi nasema tumekosea mahali pengine kabisa.

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi wanaizungumzia wasivyoijua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara, yaani pembe, ngozi na vitu kama hivyo. Kwa hiyo hakuna mwindaji wa digidigi, swala wala ndovu mwenye kibali hapa. Kila anayewawinda ni mkosaji, awe na njaa au awe na pikipiki. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6 kwa anayewinda kitoweo cha nyumbani. Kwa anayewinda ili auze iliweka isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Ila kifungu hicho cha pili kinamshika pia mtu yeyote aliyekutwa na nyama ya mnyamapori. Mzee mwenye paja moja kwenye sufuria na mchuuzi mwenye magunia sita wanaweza kuingia mlango mmoja.

Kuna pia Sheria ya Kuingilia Ardhi, Sura ya 294, inayokataza mtu kuingia ardhi ya mwenzake bila ruhusa wala sababu ya maana. Na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inampa hata raia haki ya kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Banda la ndama silioni humo. Rungu silioni humo.

Halafu kuna jambo ambalo wenye ardhi hatupendi kulisikia: digidigi si wetu. Kwa Kenya, mnyamapori ni mali ya taifa hata akizaliwa na kufa ndani ya ua wangu. Nina haki juu ya ardhi, juu ya maji niliyochimba, juu ya ng'ombe. Kwa hiyo tunapompiga mtu kwa ajili ya digidigi, tunapigania mali ambayo hata sisi tukiichinja tutafungwa.

Na sisi wa Taita tunaishi hali ambayo wengine hawaijui. Karibu asilimia 62 ya kaunti hii ni hifadhi ya wanyama ya Tsavo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1948, na watu wa jamii ya Waata, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa pinde ndefu na mishale ya sumu, waliamka siku moja wakaambiwa kazi ya babu zao ni jinai. Kampeni ya 1956 na 1957 iliwapeleka wengi wao gerezani. Mwaka 1960 wakoloni wenyewe walijaribu kurekebisha: wakaanzisha mpango kule Galana wa kuwaruhusu Waata wavune ndovu kihalali, walipwe. Haukudumu. Ardhi ile ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Nawakumbusha haya kwa sababu yule mzee anayetega waya leo haoni kwamba anaiba. Anaona ua ndio uliomkuta.

Pendekezo langu: anayeshikwa asiguswe, apigwe picha na vielelezo vyake, akabidhiwe KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au polisi saa hiyo hiyo. Nguvu zetu tuzielekeze kwa mwenye pikipiki na mwenye bucha. Na tufungue geti kwa majirani, kwa kuni na maji, kwa siku zinazojulikana na kwa majina yaliyoandikwa. Semeni.

Mchangiaji, Mwatate

Mleta hoja, nakuheshimu, lakini umeandika kama mtu anayelala Voi mjini.

Mimi nilipoteza ndama wawili kwa mitego iliyotegewa swala. Waya ulikata mguu wa mmoja hadi mfupa. Mwingine tulimkuta amekwisha, fisi wamemaliza upande mmoja. Yule aliyetega, unasema haoni kwamba anaiba. Ndama wangu alikuwa na alama ya sikio. Hiyo aliiona.

Unasema tumkabidhi. Tumekabidhi! Mwaka mmoja nilimkabidhi mtu mwezi wa tatu, mwezi wa tano nikakutana naye sokoni ananisalimu. Faini ililipwa, na aliyeilipa ni yule anayenunua nyama. Kwake yeye faini ni gharama ya biashara, kama petroli.

Tena wewe unahesabu mkono wa kijana, hujahesabu kichwa cha askari. Saa nane za usiku, askari wawili wenye rungu na redio, mbele yao watu watatu wenye mapanga na mbwa watano. Huna muda wa kumuuliza mtu kama ana njaa. Askari akisita ndiye anayezikwa. Waliompiga yule kijana walikosea kwa kumpiga baada ya kumfunga, hapo nakubali. Lakini usituletee lugha ya kumfanya mlinzi aogope kushika mtu.

Skauti, upande wa Kasigau

Shikamooni wazee. Mimi niko kwenye kazi hii ya kulinda wanyamapori mwaka wa saba. Nitasema ninachokiona kwa miguu yangu.

Wawindaji ni wa aina mbili na hawafanani hata kidogo. Wa waya anakuja mchana kama mtu wa kuni. Anatoa waya kwenye tairi lililochomwa, au kebo ya klachi, au anakata ua wako mwenyewe. Anapanga matawi ya miiba kama ukuta, anaacha nafasi, na kwenye nafasi anaweka kitanzi kwa urefu wa shingo ya anayemtaka. Kwa digidigi kitanzi kiko chini karibu na goti, kwa tandala kiko juu. Akitega thelathini, anakagua kumi. Mingine anaisahau. Hiyo iliyosahauliwa ndiyo inayonitoa machozi: unakuta choroa ameoza, hakuna aliyekula, hata mtegaji. Nimeona mtoto wa ndovu mkonga umekatika.

Wa tochi ni biashara tupu. Digidigi akimulikwa anasimama kama kigingi, na kwa kuwa wanaishi wawili wawili, ukimpata mmoja wa pili hayuko mbali. Anapigwa rungu. Kabla ya alfajiri nyama imefika barabara ya Mombasa, na ikifika buchani inaitwa mbuzi. Mnunuzi hajui anakula nini, na hakuna daktari wa mifugo aliyeigonga muhuri. Kimeta kikiingia hapo, mzee, tutazika watu.

Kuhusu kushika: usimfukuze mtu kichakani usiku. Askari mgeni hulijua hilo baada ya kuumia. Sisi tunatafuta pikipiki. Wanaificha kwenye korongo, wanaifunika majani. Ukiipata, chomoa plagi, kaa kimya, piga redio. Watarudi kwayo, wamechoka, wamebeba mzigo. Na hata wasiporudi, pikipiki ina namba na ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi si yule anayekimbia porini. Nyinyi wenyehisa mnauliza tumepata watu wangapi. Ulizeni tumepata pikipiki ngapi.

Mama mkulima, Sagalla

Mimi sina ranchi, nina ekari mbili na nusu. Nimesoma maneno yenu yote na hakuna aliyetuuliza sisi.

Ndovu akitoka Tsavo akapitia ranchi yenu akafika kwangu, anamaliza mahindi usiku mmoja. Nikienda ofisini naambiwa ndovu ni wa serikali, jaza fomu. Sheria hiyo hiyo ya 2013 mliyoitaja inasema aliyeuawa na mnyama familia yake ilipwe shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3. Nina jirani aliyejaza fomu, mtoto wake alikuwa darasa la nne. Mtoto amemaliza sekondari, fomu iko palepale. Lakini mwanangu akishikwa na digidigi mmoja, mahakama inafanya kazi wiki hiyo hiyo. Niambieni, ningefundishaje watoto kuipenda sheria hiyo?

Simtetei wa tochi. Huyo hata kwetu analeta vurugu, vijana wameacha shule kwa pesa zake. Namtetea baba aliyetega waya mmoja ukame ulipomaliza mbuzi. Mwaka 2022 hata ndovu walikufa kwa kiu na njaa, serikali ilihesabu 205 nchi nzima kwa miezi tisa. Mlitarajia binadamu afanye nini?

Kwetu Sagalla wengine tulizungushia mashamba mizinga ya nyuki. Ndovu anaogopa nyuki, na asali tunauza. Nyuki hao wanakula maua ya porini, ya ranchi zenu. Kama ranchi ingetupa mahali pa kutundika mizinga ndani ya ua, mtu gani angepita na waya karibu na mzinga wangu nisimwone?

Mchangiaji, Same, Tanzania

Wenzetu, sisi tuko upande wa pili wa hifadhi ya Mkomazi, inayopakana na Tsavo, wanyama ni hao hao. Kwetu kuwinda kwa kibali kupo, na mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za kuruhusu bucha za nyamapori. Mtu anayetaka nyama hiyo ana mahali halali pa kuinunua. Sisemi ujangili umekwisha, la hasha, na bei si ya kila mtu. Lakini nashangaa: mnakataza kila mlango, halafu mnashangaa watu kupita dirishani. Kule Namibia mwenye shamba alipewa haki ya kutumia wanyama walio kwenye ardhi yake tangu 1975, na akawalinda kwa sababu wana faida kwake.

Mleta hoja

Nimesoma wote, na kuna mahali nimebadilika.

Ndugu wa Same, hapa petu mlango huo uliwahi kufunguliwa. Kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya ranchi, Machakos na Laikipia zikiwamo, ziliruhusiwa kuvuna idadi fulani ya wanyama na nyama ikauzwa hadi mahotelini Nairobi. Serikali ikaufunga mwaka 2003. Mimi sitaki urudi kwa sasa, na sababu yangu si huruma ya swala. Nyama halali ikiwa sokoni, ile ya tochi itapata mahali pa kujificha, na sisi hata kumtofautisha mbuzi na digidigi buchani kumetushinda. Aliye na njia ya kulinda hilo aniambie, nitamsikiliza.

Ndugu wa Mwatate, samahani kwa ndama wako. Umenishika pale uliposema faini inalipwa na mnunuzi. Hiyo ndiyo hoja yangu, na umeisema vizuri kuliko mimi. Na ni kweli sikumtaja askari. Mtu anayetishiwa panga ana haki ya kujitetea, na hilo liandikwe kwenye kanuni zetu kwa maneno yale yale: kujitetea ni ruhusa, kupiga aliyefungwa ni kufukuzwa kazi.

Mama wa Sagalla, sina jibu la fomu ya jirani yako. Mizinga naweza kuisemea. Kwenye mkutano mkuu wa wenyehisa nitapendekeza ukanda wa mpakani, upande wa Sagalla, utengwe kwa mizinga ya majirani bila malipo, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Najua watakaonipinga, na mmoja wao ni kaka yangu.

Mchangiaji, Mwatate

Mizinga sawa. Kuni hapana. Ukifungua kwa kuni, unafungua kwa mkaa, na mkaa ukianza hakutabaki kichaka cha kumficha digidigi wala mwindaji. Hapo nitasimama mkutanoni nipinge.

Skauti, upande wa Kasigau

Wazee, mkutano wenu ni mwezi ujao. Mwezi wa angani unaingia gizani kuanzia Alhamisi, na usiku wa giza ndio wa tochi. Redio zetu mbili betri hazishiki chaji hata kwa muda wa saa tatu. Tunaomba betri kwanza.