Kijana wa Tanga na programu ya mwaka mzima Ujerumani: aanzie wapi?

BintiMakorora
Wadau habari za humu. Mdogo wangu ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita, yuko na kikundi kinachopanda mikoko Tongoni. Anataka programu ya kubadilishana vijana, ya mwaka mzima, si semina ya wiki moja. Kuna mtu pale Ngamiani kamwambia atoe laki tatu apate "nafasi ya Ujerumani". Njia halali ni ipi, na aanze kutafuta nyaraka gani?

Mwana wa Chumbageni
Laki tatu asitoe. Programu inayogharamiwa na serikali haiuzi nafasi, wala hailipwi kwa namba ya simu ya mtu.

Kwa umri huo aangalie weltwärts, programu ya kujitolea inayogharamiwa na serikali ya Ujerumani. Ilianza 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nje. Baadaye ukaongezwa upande wa kuwapokea wa kwetu. Umri ni 18 hadi 28. Wengi wanapokosea ni kuuandikia ubalozi kuomba nafasi. Ubalozi kazi yake ni viza. Nafasi hutoka kwenye asasi ya hapa iliyo na mwenzake kule, kwa hiyo apite kwenye shule na vituo vya watoto wenye ulemavu vinavyopokea wajitoleaji wa Kijerumani, aulize kama navyo hupeleka vijana. Ofisi ya Jiji nayo asiiache: Tanga ina udugu na mji wa Eckernförde, ule wa Ujerumani kwenye pwani ya Baltiki, tangu 1963.

Akichaguliwa, nauli, malazi, chakula, bima na hela ya matumizi madogo viko juu ya programu. Mshahara hakuna. Mwenye hesabu ya kurudi na tofali za nyumba asijisumbue.

Pasipoti Kwanza
Mimi naongezea upande wa makaratasi, maana ndiko watu wanakokwama. Pasipoti ni 150,000; fomu inajazwa mtandaoni, kisha unakwenda Uhamiaji mkoa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa na picha.

Sasa majina. Tuseme cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hemedi Ali, cha kidato cha nne Hemed Ally, NIDA Hemedi Ally. Mtaani ni mtu yuleyule, ila mbele ya afisa wa viza ni watu watatu. Ayalinganishe yote kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu ikishatoka na kosa, mkataba, bima na viza vitalibeba kosa hilohilo. Kiapo cha wakili husaidia tofauti ndogo, lakini kurekebisha kule kosa lilikoanzia ndiyo salama zaidi.

Na viza iwe ya muda mrefu. Ile ya matembezi mwisho siku 90.

BintiMakorora
Ahsanteni sana. Usaili ukoje? Kijerumani hajui hata neno.

Mratibu Raskazone
Aanze Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, sasa hivi, asisubiri kuchaguliwa. Akienda mikono mitupu, miezi ya mwanzo itaisha akiwa bubu kazini.

Kwenye usaili asiseme "napenda uongozi". Aseme miche mingapi ilipandwa, mingapi ilikufa na kwa nini, nani alikataa kuja na walimpataje. Kwenye kazi za kikundi wanaangalia anayemvuta aliyenyamaza naye aseme. Anayeongea kuliko wote mara nyingi ndiye anayeachwa.

Kubwa jingine ni kukataa. Sisi watu wa pwani "hapana" tunaifunika: "nitaangalia", "labda kesho". Mjerumani anaiandika kwenye kalenda kama ahadi, na kesho anakusubiri kweli. Hapo ndipo ugomvi mwingi na familia mwenyeji huanzia, na kila upande hujiona una adabu. Ajifunze kusema mapema kwamba hawezi. Naye akikosolewa waziwazi mbele ya wenzake, asidhani anadhalilishwa.

Akifika, ajiandikishe kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu ahamie. Karatasi ya pale huulizwa benki na kwingineko. Siku za semina (kwa mwaka ni 25) ni sehemu ya programu, asizigeuze likizo.

Mwana wa Chumbageni
Mwenye mdogo wa sekondari aulizie YES, programu ya Marekani ya kubadilishana wanafunzi iliyoanzishwa 2002, lakini aanze na tovuti ya ubalozi wao: masharti ya viza kule yamekuwa yakibadilika. Na wewe dada, yule wa Ngamiani muombe barua yenye jina la asasi mwenyeji na mji wake. Akikosa, shauri limeisha.