Kumtafuta babu wa Glasgow: sensa, vitabu vya kanisa na rejesta za maskini

Kutoka: mwanachama, Leeds

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Baba wa marehemu mama yangu alikuwa Mskochi, fundi wa mitambo ya katani aliyefika Tanga baada ya vita vya kwanza, akamwoa bibi yetu, akazikwa huko huko. Tulikua tukiambiwa kwamba alitoka katika nyumba ya wenye mali, akagombana na baba yake na kuondoka. Sasa mdogo wangu aliyeko Mombasa anataka kuomba viza ya Uingereza kwa njia ya ukoo, nasi hatuna cheti cha kuzaliwa cha babu. Tulicho nacho ni cheti cha ndoa cha Tanga, kinachomtaja yeye na baba yake, na kinachosema kwamba alizaliwa Glasgow. Kwa umri ulioandikwa, itakuwa mwaka 1893 au karibu na hapo. Jina lake limejaa Glasgow kama Juma alivyojaa Tanga. Nimelipia tovuti moja ya nasaba kwa miezi mitatu, na kila nikitafuta naletewa watu wa Kent na Yorkshire, kule England. Nianzie wapi?

Kutoka: mwanachama, Glasgow

Dada wa Leeds, pole kwa fedha zako. Hukukosea kutafuta, ila ulikuwa ukibisha hodi kwa jirani. Uskoti ina idara yake ya kumbukumbu, mbali na ile ya England na Wales, na picha za kurasa za vizazi, ndoa, vifo na sensa za huku zimewekwa katika tovuti ya ScotlandsPeople. Kutafuta jina humo ni bure. Unalipa kwa krediti, yaani pointi unazonunua kwenye tovuti, pale tu unapoufungua ukurasa wenyewe, kwa hiyo usifungue kila Juma unayemwona.

Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndicho atakachodaiwa mdogo wako. Viza hiyo hupewa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza, nayo ni ya miaka mitano. Wajukuu ndio wanaohesabiwa, vitukuu hawamo, kwa hiyo watoto wake wasije wakajenga matumaini juu ya mzee huyo huyo. Usajili wa serikali ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855, na makarani wa huku walikuwa wadadisi kuliko wenzao wa England: cheti cha mwaka 1893 kitakupa majina ya wazazi wote wawili, jina la mama la kabla ya kuolewa, na hata tarehe na mahali walipofunga ndoa. Kwa kuwa cheti cha Tanga kimemtaja baba yake, linganisha hapo kwanza.

Utaona pia kwamba mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la kwao katika maandishi ya serikali. Aliolewa, akafiwa, akaolewa tena, na rejesta ya vifo bado ikamwandika kwa jina alilozaliwa nalo, kama wanawake wa pwani yetu wanavyobaki binti fulani hadi kaburini. Kuna na desturi ya majina: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wakikuyu wa humu hawatahitaji kuelezwa zaidi, isipokuwa kwamba binti wa kwanza wa Kiskoti alichukua jina la bibi mzaa mama, si mzaa baba. Haikufuatwa na wote, lakini imenisaidia mara nyingi kuchagua kati ya familia mbili zenye majina yaleyale.

Ukishampata, nenda kwenye sensa ya 1901 na ya 1911. Sensa ilihesabu waliolala katika nyumba usiku ule, kwa hiyo usishangae ukimkuta mtoto kwa shangazi. Angalia safu ya mwisho ya ukurasa, ambayo watu wengi huiruka: tangu 1861 makarani wa Uskoti waliandika idadi ya vyumba vyenye dirisha moja au zaidi. Hapo ndipo utakapojua habari ya nyumba ya wenye mali. Ukirudi nyuma hadi 1841, usiuamini umri. Makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi mafungu ya miaka mitano, hivyo mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Kwa kabla ya 1855 kuna vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti, na cha zamani kuliko vyote, cha Errol, kinaanzia 1553. Usipomwona mtu humo usihitimishe kwamba hakuzaliwa, kwa maana wengi hawakuandikisha ubatizo, na mwaka 1843 sehemu kubwa ya waumini ilijitenga na kwenda kanisa jingine.

Niliyotaka hasa kukuambia ni juu ya rejesta za maskini. Wengi wetu hatuzigusi kwa sababu hatutarajii, au hatutaki, kumkuta wa kwetu humo. Mimi nilizifungua kwa ajili ya ukoo wa mke wangu, katika Maktaba ya Mitchell hapa mjini, ambako hifadhi ya nyaraka ya jiji imeyaweka maombi ya msaada ya parokia za City, Barony na Govan (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa tu) kuanzia miaka ya 1850. Sensa ilikuwa imenipa mstari mmoja juu ya bibi mzaa bibi yake: mjane, mfua nguo, miaka 41. Ombi lake la msaada lilinipa ukurasa mzima wa wino uliogeuka kahawia: alikozaliwa, baba yake na mama yake na kazi zao, dini, kila mtoto na umri wake, ugonjwa wake, na nyumba zote alizopanga, mtaa kwa mtaa, pamoja na miezi aliyokaa. Pembeni karani ameongeza kwa mwandiko mwembamba kwamba chumba ni kisafi na kitanda kimewekwa rehani.

Udadisi huo haukutokana na huruma. Chini ya sheria ya mwaka 1845, parokia ilimlipia maskini ambaye ni wa kwake tu, na mtu alikuwa wa parokia kwa kuzaliwa, kwa ndoa, au kwa kuishi hapo miaka mitano mfululizo, ambayo ilipunguzwa kuwa mitatu mwaka 1898. Kwa hiyo mkaguzi wa maskini aliuliza kila kitu, akitarajia kugundua kwamba gharama ni ya parokia nyingine. Mwanamume mwenye nguvu zake hakuwa na haki ya msaada hata akikosa kazi. Waombaji utakaowakuta ni wajane, wagonjwa, wazee, yatima, na wanawake waliokimbiwa na waume. Aliyekubaliwa alipewa shilingi chache kwa wiki nyumbani kwake, au akaambiwa aingie nyumba ya maskini. Ile hospitali kubwa ya Govan, Queen Elizabeth, ambako wengi wetu humu tumepatia watoto, imesimama mahali palipokuwa nyumba ya maskini ya Merryflats.

Kutoka: mwanachama, Dublin

Naongeza jambo moja kwa niaba ya wenye ukoo wa Ireland, kwani nusu ya Glasgow ilitoka huku. Sensa za Ireland za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe, na sehemu kubwa ya zile za 1821 hadi 1851 iliteketea mwaka 1922 katika moto wa Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin yaliyohifadhi nyaraka hizo. Za kabla ya moto huo zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911, nazo zinasomwa bure mtandaoni. Kwa familia iliyovuka bahari wakati wa njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840, ombi la msaada la Glasgow huenda likawa ndilo karatasi pekee linalotaja kaunti na parokia walikotoka, kwa sababu sensa ya Uskoti mara nyingi iliandika «Ireland» na kunyamaza. Katika vitabu vya Wakatoliki, James hutokea kama Jacobus, kwa maana mapadri waliandika Kilatini.

Kutoka: mwanachama, Leeds

Kaka wa Glasgow na Mzee wa Dublin, ahsanteni sana. Cheti kimepatikana: babu alizaliwa Govan, Novemba 1893, na mdogo wangu ameshaagiza nakala rasmi. Jumatano iliyopita nilipanda treni hadi Glasgow kwenda Mitchell.

Ombi ni la mwaka 1899, na mwombaji ni mama yake babu. Chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Mume: «ametoroka, anadhaniwa yuko Belfast.» Kwa hiyo ugomvi na baba tuliosimuliwa una asili yake, ila aliyeondoka hakuwa babu. Walipewa shilingi nne kwa wiki, na watoto wametajwa watatu: babu, miaka mitano, kaka yake, miaka saba, na binti wa miezi minne. Binti huyo ana jina ambalo marehemu mama yangu alipewa kama jina lake la pili, na ambalo hakuna aliyewahi kutueleza limetoka wapi.

Katika sensa ya 1901 mama yupo, wavulana wawili wapo, chumba chenye dirisha ni kimoja, lakini binti hayumo. Mama mdogo aliyeko Tanga, niliyemsomea ukurasa huu kwa simu, ameniuliza juu ya mtoto huyo tu. Naomba kujua: katika rejesta ya vifo nitafute kwa jina la baba aliyetoroka, au kuna uwezekano kwamba aliandikwa kwa jina la ukoo wa mama?