Eti ninunue "kompyuta ya watu". KOMPYUTA YA WATU!

Mjomba_Kondele:
Wanakisumu, mnamjua. Yule fundi wa kompyuta wa pale ngazini, anayekunywa soda moja kuanzia asubuhi hadi magharibi. Jina silitaji, atafurahi.

Nimetoka kwake sasa hivi, bado natetemeka. Jana aliniuzia padi ya gemu ya waya. Nyumbani kompyuta yangu ya Linux (situmii Windows) ikaiona bila shida: lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inasema 0079:0006 DragonRise, na faili ya padi, /dev/input/js0, ipo. Kuingia kwenye mpira, nikigusa kijiti cha kulia, beki wangu anapiga shuti golini mwetu! Nimekesha na modprobe xpad, nikilazimisha programu ya kuendesha padi, mpaka jogoo wa jirani akanionea huruma.

Leo nimerudi na mpwa wangu wa miaka tisa. Jamaa akaichomeka kwenye Windows yake, akabonyeza sijui nini kwa kidole gumba, taa nyekundu ikawaka, padi ikacheza. Hata hakunitazama. Akamwinamia MTOTO: "Mwambie mjomba wako anunue kompyuta ya watu."

Mtoto! Foleni nzima ikacheka. Mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye tuktuk mtoto ameimba "kompyuta ya watu" hadi Kondele, dereva naye akageuka: "Kwani yako ni ya nani?"

Omena_Kavu:
Kwani yako ni ya nani?

Nyar_Seme:
😂😂 Mama wa kitambulisho ni mimi. Pole, lakini ungejiona uso.

Mzee_wa_Temino:
Kijana, xpad ni ya padi za Xbox na jamaa zake. Hiyo yako inaendeshwa na HID, ile ile ya kibodi na mausi, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tayari. Halafu hiyo taa nyekundu uliyoiona kwa macho yako mwenyewe ni kitufe cha ANALOG. Ikizimika, kijiti cha kulia kinageuka kuwa vile vitufe vinne vya kupasia na kupigia shuti. Ukichomoa waya, inazimika tena. Bonyeza, kisha ufungue jstest /dev/input/js0, ile ya kupima padi, uone.

Mjomba_Kondele:
Imewaka. Inacheza.
LAKINI ALIMWAMBIA MTOTO.

Omena_Kavu:
Kumbe kompyuta ni ya watu, mwenyewe ndiye hasomi vitufe.

Kijana_wa_Nakuru:
Nyinyi mnalilia matusi? Wetu wa huku nilimpelekea laptop ya RAM 8 anisafishie feni, ikarudi na 4. Feni bado inanguruma.

Shinyalu_Damu:
Afadhali wewe. Wa Kakamega aliniprintia CV yenye picha ya mtu mwingine, na nikaitwa kwa mahojiano.

Nyar_Seme:
Ulienda?

Shinyalu_Damu:
Nilienda. Walikuwa wanamngoja yule wa picha.

Mjomba_Kondele:
Jamani, turudi kwenye mada. Mbele ya mtoto wa miaka tisa...

Kijana_wa_Nakuru:
Nani ana chaja ya HP, ile ya pini ya bluu? Niko Kisumu Jumamosi.

Omena_Kavu:
Ninayo. Tukutane pale ngazini.